Raya Aliniuliza Hesabu

Kazi ya kwanza niliyofundishwa kituoni ilikuwa kupiga mistari. Nilifika asubuhi na mapema, nimevaa shati alilolipiga pasi mama na viatu vya kaka yangu vilivyonibana, nikidhani nitapewa darubini, au kwa uchache kipimo cha joto. Bi Time, aliyekuwa mkunga mkuu, akanipa rula ya mbao, kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na daftari kubwa lenye jalada gumu. "Piga mistari mpaka ukurasa wa mwisho," akasema. "Ukimaliza niite." Nilimaliza baada ya adhuhuri, vidole vimejaa wino. Akapitia ukurasa mmoja mmoja, akakuta mstari umekwenda upogo, akanirudishia. "Huu utantia ntu kwenye safu isiyo yake," akasema, akaenda zake kusali.

Nimestaafu mwaka huu, na nyinyi vijana mliobaki mmeniomba niandike mambo ya kazini. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Kituo sitakitaja jina wala kijiji, kwa sababu wahusika wapo hai na Pemba ni ndogo. Inatosha kusema mimi ni mtu wa Wingwi, nikapelekwa kusini, ambako kila nilipofungua mdomo watu walijua nimetoka wapi, nikakaa huko mpaka nikaoa huko huko. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Sijawahi kumchoma mtu sindano. Lakini kwa watu wetu kila anayekaa ndani ya kituo cha afya ni daktari, kwa hiyo wiki ya kwanza tu nikawa Dokta Kombo. Nilikana kwa miezi miwili hivi, kisha nikazoea, na Mungu anisamehe, nikaanza kuitikia kwa sauti nzito.

Bi Time alikuwa mtu wa Kiuyu, mwembamba, mwepesi wa miguu, na hakupenda maneno mengi. Alinifundisha mambo ambayo hayakuwamo kwenye mafunzo yoyote niliyopelekwa baadaye. Bibi kizee huulizwi umri wake. Unamuuliza mtoto wake wa kwanza ana miaka mingapi, kisha unapiga hesabu mwenyewe. Asha Juma wako wanane katika shehia moja, kwa hiyo andika majina matatu, kitongoji, na pembeni kwa penseli andika jina la utani ambalo hutamtamkia usoni. Kabati la madaftari litie karafuu kavu kila kona, wadudu hawatakula gundi. Hesabu ya mwezi ipige kwa vijiti, vinne vya kusimama na cha tano kukilaza juu yao, na usipige ukiwa na njaa. Nimetumia kompyuta tangu wakati huo, na bado nikitaka kuwa na hakika natafuta karatasi nipige vijiti.

Mwisho wa kila mwezi vijiti vile viligeuka tarakimu, tarakimu zikaingia kwenye fomu, na fomu ikapanda gari kwenda wilayani. Kutoka wilayani ilikwenda juu zaidi. Katika miaka yangu yote sikuona hata karatasi moja ya zile ikirudi chini kuwaambia watu wa shehia hesabu yao imesema nini. Wakati ule sikuliona hilo kuwa jambo la ajabu, nikadhani ndivyo karatasi zilivyo.

Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa ambalo lilinitengeneza, na kwa kunitengeneza likaniharibu. Kwetu posa haijibiwi siku ileile. Upande wa msichana huomba muda, na ndani ya muda huo watu hutumwa kuuliza: kijana anasali, ana mke mwingine huko alikotoka, ana maradhi. Swali la maradhi huletwa kituoni, kwa adabu, na kwa mlango wa nyuma. Siku hiyo alikuja mzee mmoja wa heshima zake, ami yake msichana. Akanisalimu, akauliza habari za Wingwi, akazungumza habari za mvua na mihogo yake, kisha akaelekeza kidole kabatini.

"Yule kijana fundi baiskeli," akasema. "Yumo humo?"

Sikusema yumo. Sikusema hayumo. Nililitazama kabati, nikatazama chini, nikasema, "Mzee, ni bora mumuulize mwenyewe."

"Basi," akasema, akanyanyuka. "N'shafahamu."

Kijana yule alikuwa na kifua kikuu, na alikuwa amepona. Alimeza vidonge vyake mpaka cha mwisho, na neno "amepona" nililiandika mimi kwa mkono wangu. Lakini mzee hakuuliza hilo, na mimi kwa woga wangu sikulisema. Posa ikakataliwa. Kabla ya wiki kwisha wanawake kisimani walikuwa wanajua kwa nini, na baada ya mwezi kijana akavuka kwenda Tanga. Mpaka leo sijasikia kwamba amerudi. Mama yake aliendelea kuja kituoni kupima presha, na kila akija alinisalimu vizuri na kuniuliza hali ya mke wangu. Nilitamani angenitukana.

Bi Time hakunipigia kelele. Alisubiri wagonjwa waishe, akafunga mlango, akaniketisha. "Jina lililomo humu si lako," akasema. "Si langu, wala si la serikali. Ni la mwenyewe. Akitaka kulisema atalisema. Weye kazi yako kuliweka." Siku ya pili akaja na kufuli, akalitia kabatini, akanikabidhi ufunguo. Nilidhani ataninyang'anya kazi, naye akanipa ufunguo. Sikuvaa kitu chochote kwa fahari katika maisha yangu kama nilivyouvaa ufunguo ule shingoni.

Tangu siku hiyo nikawa bubu wa kazi. Wazee walikuja na posa zao wakaondoka na chai tu. Jamaa zangu walinijaribu, hata mke wangu alinijaribu mara mbili tatu, akachoka. Watu wakaanza kunisifu kwamba Dokta Kombo hafunguki, na sifa hiyo nikaipenda kupita kiasi. Bi Time alikuwa amenikataza majina. Mimi nikafungia na hesabu, na sababu, na kila kilichoandikwa kwa wino, nikawa naona hata kumwambia mtu wangapi wamepata malaria mwezi huu ni sawa na kumvua mtu nguo sokoni. Bi Time angenirekebisha kama ningemuuliza. Sikumuuliza, akastaafu, akarudi kwao, akafariki, Mungu amrehemu.

Tulikuwa pia na jibu letu pale kituoni, na ninyi bado mnalitumia, nawasikia. Mama akiuliza mtoto wangu atapona, tunamwambia Inshaallah kheri. Akiuliza dawa hii ina madhara, Inshaallah kheri. Akiuliza kwa nini umeandika kwa kalamu nyekundu, Inshaallah kheri. Dua ile ni njema na mimi ninaiamini, na yapo mambo ambayo mtu hana cha kusema ila hiyo. Lakini sisi tuliigeuza kuwa jibu la kumaliza mazungumzo. Mtu akishaambiwa hivyo hawezi kuuliza tena bila ya kuonekana anabishana na Mungu, na foleni inasonga.

Raya alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa na miaka kama thalathini, amesoma mpaka kidato cha pili, na kadi yake ya ujauzito aliisoma mwenyewe kabla ya sisi kumsomea. Alikuwa akija dirishani kwangu, pale kituoni, kuuliza herufi. Hii H ni nini, na huu mshale umepanda juu kwa nini. Wauguzi walimwita mwalimu nyuma ya mgongo wake, na haikuwa kwa kumsifu. Mtoto wake wa nne alimzalia kwetu, akatoka damu nyingi, ikasimama yenyewe kwa kudra. Tukio hilo nililiandika mimi, kwa nyekundu, kalamu ya mambo ya hatari.

Mimba ya tano iliangukia mwaka wa mavuno makubwa. Mikarafuu ilikuwa imezaa mpaka matawi yameinama, skuli zimefungwa, kila mwenye mikono miwili yupo shambani. Mumewe Raya alikuwa kambini kwa wachumaji. Shangazi yake, aliyekaa Chake Chake karibu na hospitali, alimletea salamu kwamba aende akakae kwake mwezi wa mwisho, asubiri huko. Mama mkwe wake Raya akasema wote tumezaa hapahapa na hatukufa. Mumewe, alipokuja Ijumaa kubadilisha nguo, akasema uamuzi ni wake, ila na haya mavuno nayo yapo. Mkunga aliyemrithi Bi Time alimwambia ikiwezekana aende, akamwambia akiwa anamwangalia aliyemfuata kwenye benchi. Ndipo Raya akaja dirishani kwangu.

"Dokta Kombo," akasema, "n'na suali, wala silo la dawa."

"Uliza, Raya."

"Wale waliotoka damu kama yangu wakapelekwa mjini kutoka hapano. Wangapi wamefika wazima, na wangapi hawakufika?"

Daftari la wanaopelekwa mjini lilikuwa mezani, kiwiko changu kimelala juu yake. Wiki mbili kabla nilikuwa nimelijumlisha kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Hesabu aliyoiuliza niliijua kama ninavyoijua idadi ya watoto wangu.

"Kwa nini unauliza?" nikamwambia.

"Kwa sababu mkwe wangu anan'ambia wote hurudi. Shangazi anan'ambia wote hufa. Mie nimekaa kati kama mpumbavu. Weye ndo mwenye kuandika. Ukin'ambia nitajua la kufanya, na nitajua la kumwambia mume wangu."

"Inshaallah kheri, Raya."

"Kheri naiomba kwa Mola kila sala. Kwako nimekuja kuomba hesabu."

"Hayo ni mambo ya ofisi," nikasema. "Hayatolewi nje."

"Sikuulizi jina la ntu."

"Hata hivyo."

Nyuma yake kulikuwa na mama mwenye mtoto anayelia na mzee aliyekuja kufunguliwa nyuzi. Raya akaikunja kadi yake, akaifunga kwenye pembe ya kanga. "Haya, ahsante," akasema, akaondoka. Mimi nikajiona nimefanya kazi yangu vizuri, nikamwita aliyefuata.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa yule fundi baiskeli. Nilimponza mtu kwa kufungua, nikaapa sitafungua tena. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ilinichukua muda kuikubali. Ile hesabu ilikuwa mbaya. Ukiwahesabu kwa vidole wanawake ambao hawakufika, mkono mmoja haukutosha, na wote walikuwa na sababu zinazofanana: gari halikuwapo, gari lilichelewa, barabara. Ningemwambia Raya, Raya angemwambia mkwe wake, mkwe angesema kisimani, na kituo changu kingeharibika jina. Niliilinda heshima ya kituo na nikajiambia kwamba ninalinda siri za wagonjwa.

Raya hakwenda Chake. Aliendelea kuchambua karafuu na wenzake chini ya mikarafuu, kwenye jamvi, mguu mmoja kaunyoosha kwa sababu ya uvimbe. Ijumaa moja, saa nne ya asubuhi, akaletwa kituoni kwa gari la ng'ombe, kalazwa juu ya majani ya mgomba, mkwe wake anatembea pembeni kashika mkono wake. Damu ilikuwa imeanza kabla ya uchungu. Mkunga alimwangalia mara moja tu, akaniambia nitafute gari.

Gari la wagonjwa lilikuwa kwa fundi. Nilikimbia barabarani, barabara nzima imeanikwa karafuu, harufu yake imejaa kifuani, na mpaka leo watu wakisifu harufu hiyo mimi hunyamaza. Nikasimamisha lori lililokuwa linapeleka magunia. Dereva na wenzake walishusha magunia palepale kando ya njia, wakatandika majamvi, tukampandisha Raya. Mkwe wake alipanda naye. Alinitazama kutoka juu ya lori kama mtu anayetaka kuniuliza kitu, kisha lori likaondoka.

Raya alifika. Mtoto hakufika. Huko mjini ili wamuokoe yeye ilibidi wamtoe kizazi. Mimi niliandika mstari wake: majina matatu, kitongoji, umri, saa aliyotoka, sababu. Safu ya matokeo niliiacha wazi mpaka nipate habari za hakika, kama tulivyofundishwa, na zilipokuja nikaijaza kwa kalamu nyekundu. Mkono haukunitetemeka. Nilikuwa na miaka mingi ya kuandika mambo kama yale, na hilo nalo ninalijutia.

Aliporudi alikuja kituoni kutolewa nyuzi, akanisalimu, nikamwambia pole, akasema tumshukuru Mungu. Hakunikumbusha chochote. Baada ya hapo alikuja mara nyingi, kuleta watoto wake chanjo, kumleta mkwe wake, kujileta mwenyewe. Na hakuuliza tena. Alipokea kadi, akaikunja bila ya kuisoma, akaondoka. Wauguzi wakasema siku hizi Raya kawa mtu mzuri. Mimi niliyekaa dirishani nilijua ni nani aliyemnyamazisha.

Mwaka uliofuata nilinunua daftari dogo la mistari, lile la watoto wa skuli, nikaanza kuandika hesabu alizoziuliza. Majina sikuandika, wala vitongoji. Mwaka, wangapi walitoka damu, wangapi walipelekwa, wangapi walifika. Nikarudi nyuma kwenye madaftari ya zamani nikajaza na miaka iliyopita. Nilipomaliza nilimpelekea mkuu wa kituo wa wakati ule, mtu mwema, nikamwambia tubandike ukutani, akina mama waone. Alisoma kwa muda mrefu. Akasema, "Kombo, wakiona hivi hawatokuja kabisa. Watazalia majumbani, na huko watakufa wengi zaidi." Hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa na uzito, na hata leo sina jibu lake kamili. Ningeweza kumwambia tuandike na yale ya majumbani, tuandike na sababu, tuandike gari liko wapi, watu walifuatilie hilo gari. Maneno hayo yalinijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Daftari likaingia kwenye mkoba wangu na likakaa humo, nikilitoa kila mwaka kuongeza mstari tu.

Ukutani tulibandika vitu vingine. Tulikuwa na michoro ya rangi, milima ya chanjo inayopanda, kwa ajili ya wageni. Wageni walikuja, wakaipiga picha, wakaondoka. Siku moja alikuja msichana mwanafunzi kutoka Ulaya, mwenye heshima, kafunga mtandio vizuri, na Kiswahili cha kujifunza. Alinishangaza kwa kunitajia hesabu za kituo chetu, za miaka mitatu, kwa kichwa. Nikamuuliza amezipata wapi. Akasema alizisoma kwenye kompyuta, kwao, kabla ya kupanda ndege. Nikamletea soda. Kutoka dirishani kwangu mpaka mlangoni kwa Raya ni mwendo wa dakika sita.

Vilipokuja vishikwambi nilikuwa mtu mzima, nikajifunza kwa shida, na ninyi mlinicheka kwa kupiga kioo kwa nguvu kama napiga muhuri. Sibezi. Kishikwambi hakiliwi na wadudu na hesabu zake hazihitaji vijiti. Nililoliona tu ni kwamba ufunguo wangu wa shingoni uligeuka nywila, na nywila wakapewa wengi huko juu na hakuna hata mmoja huku chini. Na siku yangu ya mwisho, baada ya hotuba na biriani, kijana wa wilayani akaifuta nywila yangu mbele ya macho yangu, kwa adabu, akasema samahani mzee, ni utaratibu. Ni utaratibu kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Wiki iliyopita, baada ya laasiri, nilisikia hodi. Alikuwa Raya, na nyuma yake binti yake Salma, yule wa kwanza, ambaye siku ya lori alikuwa mtoto wa miaka tisa. Sasa ana mume aliyeko kazini Unguja, ana mtoto mmoja, na mimba ya pili imekwisha kuwa kubwa. Mke wangu akawatandikia mkeka, akaleta chai na mkate wa kumimina. Tulizungumza ya kuzungumza. Kisha Raya akaweka kikombe chini.

"Salma alitoka damu kwa huyu wa mwanzo," akasema. "Kidogo, lakini alitoka. Anataka kujua. Nimemwambia weye ndo uliokuwa ukiandika."

Nikanyanyuka nikaenda chumbani. Nilifungua mkoba, nikatoa daftari dogo, nikalipangusa vumbi jalada lake. Nikarudi nikaketi, nikaweka miwani, nikasoma. Mwaka kwa mwaka, sauti yangu ya kawaida. Wangapi walitoka damu. Wangapi walipelekwa. Wangapi hawakufika. Miaka ya zamani ilipopita, Raya alikuwa anachezea pindo la kanga. Nilipofika mwaka wake nilisita.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Kisha nikamwambia Salma kwamba tangu kituo kipate gari jipya na mkunga wa pili mambo yamekuwa bora sana, lakini mwaka wangu wa mwisho kazini alikuwapo mmoja ambaye hakufika.

Salma alikuwa anasikiliza kama mtu anayepokea maagizo ya safari. "Na wale wanaotangulia mjini wakakaa huko?" akauliza. "Hao inakuwaje?"

"Hao siwajui. Wakishaondoka hapa hawamo kwenye daftari langu."

"Kwa hivyo hujui kama huko ni bora."

"Kwa daftari, sijui. Kwa akili yangu, ningekuwa weye ningekwenda."

Akafikiri. Shangazi wa Chake alishafariki; huko mjini angekaa kwa watu wa mumewe, chumba kimoja na watoto. Mkunga wa hapa anamwamini. Nyumba ya mama yake iko karibu na kituo, na jirani mwenye gari amekubali gari lake lilale hapo mwezi mzima. Aliyataja hayo taratibu, moja moja, kisha akasema, "N'tabaki hapa. Nitahamia kwa mama."

Nilitaka kumkatalia. Nilikwishaanza, "Salma, mwanangu," na nilikuwa na maneno mengi yamejipanga, mengine ya kutisha, na ningeyasema yote.

"Mwache, Kombo," akasema Raya. Tangu nimjue hakuwahi kuniita bila ya Dokta. "Keshaambiwa."

Wakamaliza chai. Salma akatangulia nje kumfuata mtoto wake aliyekuwa anachezea kuku. Bado hajajifungua ninapoandika haya, na kila mke wangu akirudi kutoka nyumba ile namtazama usoni kabla hajasema neno. Raya alibaki nyuma akitafuta viatu vyake mlangoni, na mimi nikaona kama sikusema wakati ule sitasema tena.

"Raya," nikamwambia, "niwie radhi. Ningekwambia siku ile, mwanao angekuwepo."

Akavaa kiatu kimoja, akashika ukuta, akavaa cha pili.

"Hilo hulijui," akasema. "Hwenda ningebaki vilevile. Karafuu zilikuwa nyingi mwaka ule, na mie nilikuwa mkaidi. Lakini ningebaki kwa kutaka mwenyewe. Hilo ndilo ulonichukulia."